Nani Kamwandika Sandiso Kwetu?

"Nipe hiyo simu, Sandiso."

"Ya nini?"

"Nipe, nimekwambia!"

Akaikalia. Mwanamume mzima, fundi umeme anayeheshimika Durban nzima, anakalia simu! Tangu Jumatano alikuwa hivyo: ikilia anatoka nje, nikiingia anaizima. Washenga wake walishapokelewa kwetu Eshowe, arusi ni Desemba, halafu aniletee mambo haya? Nikamsukuma, nikaichomoa.

Ujumbe ulikuwa juu kabisa: "Tumempata uliyekuwa unamtafuta."

"Mwanamke gani huyu?"

"Si mwanamke, Nokwazi. Ni baba yangu."

Nikanywea. Sandiso alikuwa anatumia ukoo wa mama yake, Mkhize. Mama wa watu alikufa na siri yake. Alichowahi kusema ni kwamba mwanamume yule alitoka Eshowe. Na kwetu mtu haoi hivi hivi, lazima wazee wa upande wa baba waambiwe, walio hai na waliolala. Ndiyo maana alijiandikisha kwenye tovuti ya koo, ile ambayo watu huingiza majina ya ndugu zao kizazi kwa kizazi.

"Sasa habari njema kama hiyo unanificha ya nini?"

"Fungua usome."

Nikafungua. *Sandiso, mwana wa Mfanafuthi Zungu.*

Mimi ni Zungu. Na Mfanafuthi ni baba yangu mdogo, tulimzika mwaka juzi. Kwetu wenye ukoo mmoja hawaoani hata kama wanakutana kwa babu wa kumi, sembuse mtoto wa baba mdogo!

"Kwa hiyo wewe ni kaka yangu?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Na umekaa siku tatu unakula chakula changu, kimya?"

"Ningeanzaje? 'Mpenzi, nisogezee chumvi, halafu wewe ni dada yangu'?"

Nililia mpaka kichwa kikauma. Kisha shetani wa wasiwasi akaninong'oneza.

"Sandiso, au umejiandika mwenyewe? Umetafuta njia ya kuniacha usilaumiwe?"

"Nokwazi! Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Ngoja nione."

Tovuti ile naijua, mimi ndiye niliyemfungulia Baba akaunti yake. Ukibonyeza jina, inakuonyesha aliyeliingiza. Nikabonyeza.

*Limeingizwa Jumatatu na Mandlenkosi Zungu.*

Baba yangu mzazi. Nikampigia palepale.

"Baba, Sandiso ni mtoto wa Baba Mdogo?"

Akakohoa. Akakohoa tena.

"Nilitaka kukwambia, binti yangu. Mfanafuthi alinieleza alipokuwa anaumwa. Inauma, lakini mila ni mila."

"Mama Mdogo anajua?"

"Usithubutu! Utamuua mjane wa watu kwa presha!"

Hapo ndipo nilipomshuku. Siri umeiandika mtandaoni dunia nzima isome, halafu unaogopa mjane mmoja asisikie? Nikaupiga picha ukurasa ule, nikamtumia Mama Mdogo, MaCele. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini.

"Njooni kesho wote wawili. Baba yako asijue."

Jumapili tulimkuta MaCele amemketisha Baba kwenye nyumba kubwa ya msonge, mbele ya msamo, pale nyuma tunapozungumza na waliotutangulia. Ubani wa impepho ulikuwa tayari unafuka. Baba alipotuona akataka kuinuka.

"Kaa, Manzini," MaCele alisema, akimwita kwa jina la heshima la ukoo wetu. "Umemletea mume wangu mtoto, ahsante sana. Sasa mtambulishe. Mbuzi yuko nje anasubiri."

"MaCele, mambo haya hayataki haraka."

"Haraka gani? Maneno manne tu: huyu ni damu yako. Mwambie ndugu yako, anakusikia."

Baba akafungua mdomo. Akaufunga. Kuidanganya tovuti ni kazi ndogo. Kumdanganya ndugu yako marehemu na impepho inafuka, hata Baba alishindwa.

"Nilisema uongo," alisema, macho chini. "Mshenga alinidokeza kwamba kijana anamtafuta baba yake. Sikutaka wajukuu wangu wabebe jina la upande wa mama yake. Na washenga nilikuwa nimeshawapokea, ningewarudisha kwa sababu gani? Nikaona mila iwarudishe."

"Baba! Ulitaka nife kwa huzuni?"

Sikungoja jibu, furaha ilikuwa imeshanipanda. Nikamgeukia mwanamume wangu.

"Sandiso, umesikia? Si ndugu! Tumepona!"

Alikuwa analia.

"Nimesikia," alisema. "Alhamisi nilikuja huku peke yangu, Nokwazi. Nilimuuliza mtu njia, nikaenda kaburini kwake. Nikamwita baba. Miaka thelathini na moja sijawahi kumwita mtu neno hilo. Nilimweleza habari zangu zote, mpaka mtihani niliofeli darasa la saba."

Aibu ilinishika. Mimi nilikuwa nimepata mume, yeye alikuwa amefiwa na baba, na nilikuwa namshangilia usoni.

MaCele alijifuta machozi kwa ncha ya shali, akamwangalia Baba.

"Simama. Wewe ndiye uliyempeleka kwa mume wangu, wewe ndiye utakayemrudisha."

Tukaenda wote kaburini, nyuma ya zizi. Baba alivua kofia, akapiga magoti, na yale magoti yake mabovu.

"Mdogo wangu, nisamehe. Kijana aliyekuja Alhamisi si wako. Nilimtuma kwako kwa uongo. Ni mkwe wangu mimi."

Sandiso akachuchumaa kando yake, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Samahani, mzee," alisema. "Nilikosea nyumba. Ahsante kwa kunisikiliza."

Tulioana Desemba. Walioambiwa ni wazee wa kina Mkhize, na Baba alicheza ngoma mpaka shati likalowa. Sandiso anamheshimu, humpelekea tumbaku kila tukienda. Lakini anamwita Manzini tu. Kumwita baba hajamwita mpaka leo, na mimi simlaumu.