Foku Nyeusi ya Tusekile

Kifumakaboni, mashine ya karakanani kwa Fundi Lusajo, kilikuwa na mikono minane kama buibui, na chakula chake kilikuwa masizi. Kilimezeshwa debe zima la masizi ya tanuri la matofali upande huu, na upande wa pili kikafuma, uzi juu ya uzi, foku ya baiskeli: ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Ilikuwa nyepesi mno. Fundi Lusajo alipoiachia, ilikaa hewani kwanza, ikafikiri, ndipo ikakumbuka kuanguka. Anayebisha aende Mbeya ya mwaka 2093 akaulize.

"Shemeji, hii si foku, hii ni unyoya!" Tusekile alicheka, akiipima kwa kidole kimoja.

"Zawadi yako," Lusajo alisema. "Umeteremka mlima na ile foku ya chuma miaka ishirini na sita. Viganja vimekuwa kama kwato za punda."

"Punda ni wewe, unayezeeka bila mke."

Lusajo alikuwa mdogo wa mume wa Tusekile, na utani huo ulikuwa haki yao. Alifunga foku mpya, akakaza nati, akapangusa usukani kwa shati lake mwenyewe. Sasa, fundi yeyote wa Mbeya akibadilisha kipuri, humrudishia mwenyewe kile cha zamani mkononi, aone kwa macho yake kuwa kweli kimebadilishwa. Siku hiyo Lusajo hakurudisha. Tusekile aliona, hakukidai. Kumdai shemeji kipuri cha zamani ni kumwita mwizi.

Tusekile alikuwa mtu wa mwisho mjini aliyeajiriwa kwa ajili ya miguu yake. Kila asubuhi alibeba damu ya wagonjwa kutoka hifadhi ya baridi kileleni hadi hospitali bondeni, kona kumi na moja za ukungu na kokoto. Vibebaji, zile roboti za magurudumu mawili za kampuni ya Wepesi, vilishika mji mzima isipokuwa mteremko huo. Vilipojaribu, vilirudi kwenye toroli, taa zikining'inia kama macho ya samaki wa kukaanga. Kwa hiyo mteremko ulibaki wake, na bila mteremko Tusekile hakujua angekuwa nani.

Foku mpya ilimeza mitetemo yote. Chupa za damu zililala mgongoni kama vichanga. Hata kule kwenye kijia cha kona ya saba, penye makorongo, alipita kama anateleza juu ya uji.

Kijia hicho kilikuwa siri yake na mtu mmoja. Kona ya saba ilipita mlangoni kwa Mzee Mwaisumo, baba mkwe wake, na Tusekile alilelewa kwa mila za zamani za Kinyakyusa: mke haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Basi kila siku aliiacha lami, akazunguka nyuma ya mikaratusi, akainamisha kichwa. Mzee, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu, alisikia matairi kwenye kokoto, akakohoa mara moja nyuma ya ua. Kikohozi hicho ndicho kilikuwa salamu, baraka na habari za nyumbani. Katika miaka ishirini na sita hawakuwahi kuongea zaidi ya hapo, na hawakuwahi kukosana.

Mwezi wa tatu tangu afungiwe foku mpya, Tusekile alifika kileleni akakuta vibebaji arobaini vimepanga foleni, damu mgongoni.

"Vitaanguka," alimwambia mlinzi wa hifadhi.

"Jana jioni havikuanguka, mama."

Akavifuata kwa mbali. Kona ya tatu vililala kushoto mapema, kama yeye. Kona ya tano vilishika breki ya nyuma kwanza, mara mbili, kama yeye. Akajiambia, labda ni akili tu za mashine. Kisha, kona ya saba, lami ikiwa tupu na kavu mbele yao, vyote arobaini vikaiacha. Vikazunguka nyuma ya mikaratusi kimoja kimoja, vikainamisha taa.

Tusekile akashika breki. Kibebaji hakina mume. Kinamkwepaje baba mkwe?

Alimkuta Lusajo karakanani, akikilisha kifumakaboni.

"Kwenye hizi nyuzi kuna nini, shemeji?"

Lusajo hakugeuka. "Zina fahamu kidogo. Zinasikia mkono, uzito, breki. Zinapeleka habari."

"Kwa nani?"

"Wepesi ndio walionipa hii mashine. Walitaka mtu mmoja tu anayeijua njia. Walisema wanapima barabara, shemeji. Barabara tu."

"Yule wa kona ya saba ni baba yako, Lusajo. Heshima yangu kwa baba yako nayo ni barabara?"

Mikono minane iliendelea kufuma.

"Nipe kile chuma changu cha zamani."

"Walikichukua. Walitaka kuona kilivyochakaa, wajue ulikuwa unaegemea wapi."

Tusekile akaomba spana. Akaifungua foku nyeusi mwenyewe, nati kwa nati, akamwekea mikononi.

"Fundi humrudishia mwenyewe kipuri chake," alisema. "Haya, mwenyewe. Shika."

Akaweka gurudumu begani na fremu bega la pili, akapanda mlima kwa miguu kuelekea kwake. Kwenye kona ya saba aliiacha lami, akaingia nyuma ya mikaratusi. Nyuma yake matairi yakalia. Akajibana kando; kibebaji kilichokuwa kikirudi kileleni kikampita, kikainamisha taa, makorongo yasikitikise hata kidogo.

Nyuma ya ua, Mzee Mwaisumo akakohoa mara moja.

Tusekile akasubiri kibebaji kipotee, kisha naye akapita polepole, kichwa chini, miguu ikikanyaga majani ya mikaratusi bila mlio wa tairi. Akafika mwisho wa ua, akasimama kungoja kikohozi.

Ua ulikuwa kimya.