Majani ya Saa Moja Asubuhi

"Hayo majani kesho yasiingie hapa!" Shangazi aliisukuma sahani iliyorudi kutoka meza ya tatu. "Wateja wanayatupa pembeni. Mwambie huyo Bwana Bustani imetosha."

Mpishi aliduwaa, mwiko mkononi. Mgahawa ni wa Shangazi, neno lake ndilo la mwisho. Lakini majani yakikataliwa, Bwana Bustani atakuja kufanya nini? Miezi mitano sasa, kila saa moja asubuhi, anaweka fungu la arugula, mboga ya majani ya kigeni, mezani, anasema "Za kuamka?", anasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, halafu huyoo. Na mpishi naye, siku zote mdomo mzito!

Alijifungia stoo, akampigia.

"Shangazi ameyakataa majani."

"Kwa nini?"

"Eti machungu, tena yamelegea kama kitambaa cha kufutia meza."

"Kwani unayapikaje?"

"Nakaanga na vitunguu, nafunika, dakika ishirini."

"Ishirini? Ndivyo yanavyopikwa?"

"Si wewe mkulima? Kwako unayalaje?"

"Mimi? Sijawahi kuyala."

"Salale!"

Simu ikakatika. Punde ujumbe ukaingia: "Nakuja. Usiwashe jiko."

Alifika kabla ya chakula cha mchana, buti zimejaa tope, fungu kalishika kwa mikono miwili. Mpishi alichomoa jani moja akalitafuna bichi. Ukali ukampanda puani kama pilipili manga, machozi yakamlenga.

"Mama yangu! Onja!"

Bwana Bustani akaonja, akakohoa, akacheka.

"Kumbe matamu hivi, nasi tumeyatesa!"

Wakakata nyanya, wakakamua limau, mafuta kidogo, chumvi, na majani mabichi juu. Viazi vya moto navyo wakaviepua kwanza, ndipo wakatupia majani, wakageuza mara mbili tu, basi. Shangazi alikula amesimama, akafuta sahani kwa mkate.

"Haya, yaendelee. Bwana, wateja wengine unawauzia mafungu mangapi?"

Bwana Bustani aliangalia buti zake.

"Sina wengine, Shangazi. Tuta zima ni la jiko hili. Siku ile nilipoleta mchicha, mpishi aliniuliza kama ninayo, nikasema ninayo. Sikuwa nayo. Nilihangaika wiki mbili kutafuta mbegu."

Shangazi akamgeukia mpishi.

"Nawe uliyajulia wapi?"

"Kwenye simu. Picha tu." Uso ulimwaka moto. "Mchicha aliouleta siku ile ulitosha. Nilitaka arudi."

"Astaghafiru! Miezi mitano mnawalisha wateja wangu kitu msichokijua, kisa kuoneana haya?"

"Haya imeisha leo," Bwana Bustani alisema, akamtazama mpishi machoni. "Nakupenda. Tangu ule mchicha."

"Nami nakupenda," mpishi alijibu, furaha imemjaa. "Ila kesho njoo bila majani."

"Kwa nini tena?"

"Nione kama utakuja."

Kesho yake, saa moja kamili, mlango ulifunguliwa. Mikono mitupu, buti zimesafishwa.

"Za kuamka?"

"Nzuri. Leo kaa."

Akavuta kiti, akakaa. Mpishi alimmiminia chai, naye akaushika mkono wake palepale, kikombe hakijajaa.

"Nataka kukuoa."

"Nimekubali."

Shangazi akachomoza kichwa kutoka jikoni.

"Hongereni. Na majani yangu yako wapi? Meza ya tatu wameshayaagiza!"