Ijumaa Mezani kwa Mama Zoya

Foleni ya kahawa pale Yorkdale, jengo la maduka jijini Toronto, ilikuwa ndefu na makoti yamerundikana kwenye viti. Benedicta alikuwa ameshafika kwenye gari lake aliposhtuka: funguo zilizomo mfukoni mwa koti hazikuwa zake. Akarudi mbio, akaazima simu ya mhudumu, akapiga namba yake mwenyewe.

Akapokea mwanamume. "Dada, nadhani nimevaa koti lako. Ndiyo maana linanibana."

Ndivyo alivyompata Rafael, fundi wa lifti, Myahudi ambaye wazazi wake walihamia Toronto kutoka Tashkent, Uzbekistan. Baada ya miezi minane alikuwa ameshajua kusema "mpenzi" na "acha wivu." Hilo la pili alilihitaji zaidi, maana Benedicta wa Bukoba hakuwa mtu wa kuficha wivu wake.

Jambo moja lilimkereketa. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, Rafael alizima simu hadi Sabato iishe Jumamosi jioni, akaenda kitongoji cha Thornhill kula chakula cha Sabato kwa mama yake. Benedicta hakuwahi kualikwa.

"Mama anahitaji muda," Rafael alimwambia.

Jumamosi moja asubuhi, akiwa bado amejifunga kitenge cha kulalia, Benedicta aliona picha kwenye ukurasa wa mama huyo mtandaoni, iliyowekwa jana yake kabla ya mishumaa ya Sabato kuwashwa. Rafael mezani, shati jeupe. Ubavuni mwake msichana mwenye gauni la kijani lililomkaa sawasawa. Mama kawashika mabega wote wawili.

Alipiga simu mara kumi na moja. Imezimwa. Akafua mashuka yaliyokuwa safi. Akaikuza picha hadi akaziona kucha za yule msichana.

Jioni, Sabato ilipokwisha, Rafael akapiga.

"Mpenzi, simu kumi na moja! Kuna msiba?"

"Nani huyo wa gauni la kijani?"

"Melissa. Mgeni wa mama."

"Amekuja mara ngapi?"

"Ijumaa sita."

"Sita! Kumbe muda anaouhitaji mama ni wa kukutafutia mke?"

"Bene, simtaki. Naogopa kumvunja moyo mama. Kule Tashkent, enzi za Wakomunisti waliopiga vita dini, babu alisali kwa siri miaka arobaini, amejifungia chumbani, ili sisi tubaki Wayahudi."

Benedicta, aliyeimba kwaya kanisani tangu ana miaka tisa, alilielewa hilo vizuri. Ndilo lililomuuma. Akakata simu.

Wiki nzima hakupokea. Ijumaa akavaa gauni lake jekundu la Pasaka, akaendesha hadi Thornhill, akabisha hodi.

Alifungua mama yake Rafael mwenyewe, Mama Zoya, mfupi, kitambaa cha hariri kichwani. Nyuma yake harufu ya pilau, mishumaa miwili, na Melissa kwenye kiti kile kile.

"Habari za jioni, mama. Naitwa Benedicta."

"Nakujua. Sina ubaya na wewe, binti. Lakini mwanangu ataoa kwetu."

Rafael alikuwa ameshasimama, uso umemwiva. "Mama, huyu ndiye ninayetaka kumuoa. Nilipaswa kukwambia zamani. Akinikataa, sawa. Lakini usinitafutie mwingine."

Mama Zoya akaingia jikoni. Melissa akahamia kiti cha pili. "Kaa hapa," alinong'ona. "Mimi nilialikwa kula tu."

Hata sauti yake ilikuwa nzuri. Benedicta akamchukia kidogo zaidi.

Mama alirudi na sahani nyingine, macho mekundu. "Kaa, chakula kinapoa. Lakini sijakubali."

"Hata mimi sijakubali, mama. Amekwambia wewe, mimi hajaniuliza."

"Basi nakuuliza, mpenzi," Rafael alisema.

"Nitakujibu nikishiba."

Benedicta akaketi kati ya Rafael na Melissa, akakisogeza kiti mpaka bega lake likagusana na la Rafael.