Picha ya Meza ya Shangazi

Kila asubuhi ya likizo nilikuwa na kazi tatu katika chumba cha kazi cha shangazi: kufuta vumbi, kumwagilia ua la dirishani, na kutogusa chochote mezani. Mbili za kwanza nilizifanya kwa heshima zote. Ya tatu ilinishinda.

Shangazi ni mtafiti. Huwahoji watu walioumizwa na makundi yanayoua yakidai yametumwa na Mungu: vijana walishawishiwa vipi, na waliotoroka walitokaje. Katika karatasi zake hakuna majina, ni namba tu. Orodha inayoonyesha kila namba ni nani hufungiwa kwenye kabati la chuma. Siku ile alikuwa akiitumia, akaitwa na mgeni mlangoni, akaiacha mezani.

Bwenini kwetu naitwa Mheshimiwa, na mheshimiwa hakosi habari. Nilivaa miwani ya shangazi, nikakalia kiti chake, nikajipiga picha kwa uso wa mtu anayeokoa taifa. Niliituma kwenye kundi la darasa letu: "Mkuu wa upelelezi yuko kazini. Msinisumbue." Vicheko vikamiminika.

Kisha mwenzetu tunayemwita Redio akaandika: "Namba kumi na saba si yule mama mshonaji wa mtaani kwetu? Kumbe kijana wake kawatoroka wale watu?"

Niliikuza picha. Orodha ilisomeka kama ubao wa darasani, hata kichwa chake: "Familia za waliotoroka." Niliifuta, lakini Redio alikuwa ameshamtumia binamu yake, na binamu naye amewatumia wengine asiowajua.

Nilitafuta uongo. Simu imeibwa. Picha imejituma yenyewe. Huko nje shangazi alikuwa akimuaga mgeni wake, naye mshonaji bila shaka alikuwa kwenye cherehani yake, hajui lolote.

Nikatoka, nikamweleza shangazi yote, hata habari ya miwani. Hakunigombeza. Alipiga simu.

"Mama, acha kila kitu ulichoshika. Mchukue kijana mtoke kwa mlango wa nyuma, sasa hivi."

Akampigia pia ofisa wa usalama anayeshirikiana naye. Halafu tukakaa tukiitazama simu. Chakula kilipoa. Saa tisa simu ikalia: mama na mwanawe wamefika mahali salama, ambapo mpaka leo sipajui, na ni haki nisipajue.

Kesho yake jirani wa duka la mshonaji alitusimulia kwamba saa kumi jioni walifika wanaume wawili na kitambaa cha suruali. Walipoambiwa fundi hayupo, hawakuuliza atarudi lini. Waliuliza kijana yuko wapi.

Shangazi akaniketisha.

"Mimi niliacha orodha mezani, na hilo nitalijibu kazini kwangu," alisema. "Wewe ulifanyia mzaha uhai wa watu. Lakini uliniambia saa sita, mwanangu. Ungengoja mpaka jioni upate uongo mzuri, wale wangemkuta. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna mtu wa kuokolewa."

Kisha akanipa karatasi nimwandikie mshonaji kumwomba radhi, bila utani. Ilikuwa mistari minne. Ilinichukua siku mbili.