Kichwa cha Samaki Kilimwelekea Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, Tao Rui alitolewa kitandani na bibi yake na kupelekwa uwanjani kando ya mto Mi, kufanya mazoezi pamoja na wazee. Rui alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika umri huo hakuna aibu inayozidi kuonekana na wenzako ukinyoosha mikono angani katikati ya vikongwe. Jia, aliyekaa naye dawati moja, alipita hapo kwa baiskeli kila siku. Na kila siku alipaza sauti, "Shikamoo, Bibi Rui!"

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kale, yenye mikao minane, na Rui aliupenda mmoja tu, ule wa saba. Katika mkao huo unakunja magoti kama uliyepanda farasi, unasukuma ngumi mbele polepole, na unakodoa macho kwa ukali kana kwamba adui yako amesimama hapo. Shuleni macho hayohayo yalikuwa yakimponza, hata mwalimu alishamwita mama yake kwa ajili ya macho hayo. Uwanjani alisifiwa.

"Mwangalieni Rui!" alisema Daktari Mu, mama mwenye mvi aliyewaongoza. "Hayo ndiyo macho! Na wewe Guoliang, mbona unaangalia kama mbuzi aliyeshiba?"

Guoliang alikuwa baba yake Rui, na safari zote hizo za alfajiri zilikuwa kwa ajili yake. Mwanzoni mwa mwaka, hospitali ilimwambia kwamba ini lake limejaa mafuta na limeanza kuvimba. Akiendelea na pombe na nyama za mafuta litakakamaa, na likishakakamaa sana, kulirudisha ni kazi ngumu mno.

Bibi aliposikia hayo alichanganyikiwa. Akaanza kumpikia mwanawe supu ya maini ya nguruwe kila siku, kwani watu wengi huamini kwamba kiungo hutibiwa kwa kiungo. Juu ya supu akaongeza unga wa mizizi alionunua kwa jirani, uliosifiwa kwamba unasafisha ini. Ndipo wakaenda kwa Daktari Mu, tabibu wa dawa za jadi. Alimshika Baba mkono akasikiliza mapigo, akamtazama ulimi, kisha akauliza anakula nini. Alipojibiwa alicheka mpaka akakohoa, halafu akakasirika.

"Mama Tao, maini ya nguruwe kila siku? Unamtibu mwanao au unamnenepesha? Na huo unga kautupe leo hii! Mizizi mingine inaliharibu ini lenyewe. Dawa ya huyu iko kwenye sahani yake na kwenye miguu yake."

Akawaeleza. Mboga za majani kwa wingi, choroko, samaki wa mvuke, mkate kidogo. Badala ya soda, chai ya matunda madogo mekundu ya mlimani, yale yenye uchachu wa kukunja uso. Kulala mapema, kutembea, mazoezi kila asubuhi, na kurudi hospitali kupimwa damu kila watakapomwita.

"Na pombe?" Baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata tone. Halafu kuna jingine, Guoliang. Kwa mafunzo yetu, ini na hasira hukaa nyumba moja. Wewe umemeza maneno mengi kuliko pombe."

Baba akainamisha kichwa. Kila mtu katika familia alijua maneno hayo yalitakiwa kumwendea nani. Baba yao alipofariki, Guodong, kaka yake mkubwa ambaye Rui alimwita Baba Mkubwa, ndiye aliyemlea Guoliang, akamsomesha, akampa kazi katika duka lake la vigae. Baba Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, na mezani kwake aliyekataa glasi alihesabiwa kuwa ameukataa undugu.

Na sasa ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Bibi, anatimiza miaka sabini, na mwenye karamu alikuwa Baba Mkubwa.

"Utamwambia?" Rui alimwuliza baba yake asubuhi, wakifunga viatu.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikipata nafasi, mwanangu."

Rui alimjua baba yake. Nafasi hiyo asingeipata mpaka wageni wawe wameshaenda nyumbani kulala.

Mchana ukoo wote ulikusanyika hotelini, wakaizunguka meza kubwa ya duara yenye kioo kinachozunguka katikati. Vyakula vililetwa, vicheko vikapanda, na pombe kali ya mtama ikamiminwa kwenye glasi ndogo. Mpaka hapo Baba alijificha vizuri. Aligusisha glasi mdomoni, akaiweka chini ikiwa imejaa, akajitia kuongea na jirani. Kisha akaletwa samaki.

Kwao samaki wa karamu ana sheria zake. Mwenye karamu hukizungusha kioo, na kichwa kikisimama mbele ya mtu, huyo hunywa glasi tatu. Anayeelekewa na mkia hunywa nne. Kabla hawajanywa hakuna anayegusa samaki kwa vijiti vyake vya kulia. Baba Mkubwa akakizungusha kioo akitabasamu, taratibu, taratibu, na kichwa kikasimama mbele ya Baba.

"Mdogo wangu!" akanguruma. "Samaki amekuchagua!"

"Kaka, mimi siku hizi..."

"Siku hizi nini?"

"Daktari amesema ini..."

"Achana na madaktari! Babu yetu alikunywa hivihivi akafika miaka tisini!"

"Labda mkewe ndiye daktari," alidakia binamu mmoja, na meza nzima ikaangua kicheko. Mama akatazama bakuli lake.

Mkono wa Baba ukaenda kwenye glasi. Rui aliuona. Aliogopa, aliogopa sana, kwa kuwa alijua kwamba akinywa leo atakunywa na kesho, na kwamba baba yake angekufa katikati ya watu wanaocheka. Hofu ikageuka hasira. Akasimama, akashika ukingo wa kioo, akakizungusha kwa nguvu.

Sahani zikakimbia. Karanga zikamwagika, vijiti vikabaki vinaning'inia hewani. Samaki alipotulia, kichwa kilikuwa mbele ya Rui.

"Amenichagua mimi," alisema. Akamimina ile chai nyekundu chachu ya Baba, waliyokuja nayo kwenye birika, akanywa vikombe vitatu mfululizo bila kukunja uso. "Nimemaliza. Haya, tuleni."

"Ebo!" Baba Mkubwa alipiga meza. "Katoto kanageuza samaki wa wakubwa? Rudisha!"

"Sirudishi."

"Guoliang, unaona ulivyomlea?"

Rui hakuinamisha macho. Alikunja ngumi, akakita miguu chini, akamtazama Baba Mkubwa kwa macho ya mkao wa saba, yale yaliyomponza darasani.

"Baba anaumwa ini, Baba Mkubwa. Kila mtu hapa anajua, na kila mtu anacheka. Akifa, nani atakuita kaka?"

Mhudumu aliyekuwa analeta wali alirudi nao nyuma hatua moja.

Baba akainuka. Akanyoosha mkono, akakirudisha kioo polepole mpaka kichwa cha samaki kikamwelekea yeye. Rui akadhani atakunywa. Lakini Baba aliisukuma glasi ya pombe mbali naye, akachukua birika la chai.

"Kaka, samaki alinielekea mimi, kwa hiyo nitajibu mimi, si mtoto. Ulinilea, na sitasahau mpaka naingia kaburini. Ila glasi zote nilizokunywa mezani kwako nilizinywa kwa woga wa kukwambia hapana. Leo nakwambia hapana. Kesho nikija dukani nitakwambia hapana vilevile."

Akanywa chai, vikombe vitatu, amesimama wima.

Baba Mkubwa alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akamgeukia Bibi, kama afanyavyo mtoto akionewa.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi, nina miaka sabini tu," alisema Bibi. "Guodong, nataka nyinyi wawili ndio mnizike mimi. Sitaki mimi nimzike mmoja wenu. Mkia umeelekea wapi? Ulete kwangu, na unimiminie chai."

Baba Mkubwa alisita. Kisha, mbele ya ukoo mzima, akakizungusha kioo na kummiminia mama yake chai kwa mikono miwili. Bibi akanywa vyake vinne bila haraka, akajifuta mdomo.

"Na wewe Rui, utaomba radhi kwa kugusa meza."

"Na kwa niliyosema?"

"Nimesema meza."

"Nisamehe kwa kugusa meza, Baba Mkubwa," alisema Rui, wala hakuongeza neno.

Baba Mkubwa akaguna. "Macho haya ni ya mama yangu kabisa," alisema, akainywa glasi yake mwenyewe, akamega samaki, na kipande cha kwanza akakiweka kwenye bakuli la mdogo wake.

Majira ya vuli, hospitali ilimpima Baba tena. Uvimbe ulikuwa umekwisha na mafuta yamepungua. Asubuhi iliyofuata Daktari Mu aliisoma karatasi palepale uwanjani, akawaangalia Rui na baba yake.

"Sikilizeni, hasa wewe Rui, maana utaishi miaka mingi kuliko sisi," alisema. "Ini hulindwa na unachotia kinywani kila siku na jinsi unavyoutumia mwili wako. Unga wa jirani haulilindi, wala supu ya miujiza. Na asiyeweza kusema hapana kwa anaowapenda, hata chakula chema hakitamsaidia sana. Hasira yako ni nzuri ukiitumia kulinda mtu. Ila uitoe kwa adabu, na meza za watu uziache. Haya, mkao wa saba!"

Wakakunja magoti, wakasukuma ngumi. Baba alikodoa macho mpaka Daktari Mu mwenyewe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baiskeli ya Jia ikatokea kwenye kona.

"Shikamoo, Bibi Rui!"

Safari hii Rui hakujificha nyuma ya mtu. Alimgeuzia ngumi na macho makali, akajibu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto.

"Marahaba, mjukuu wangu!"