Mtungi wa Pili

Kila asubuhi kabla ya shule nilimpelekea baba chai kwenye kiwanda kidogo cha sukari nguru, nje ya mji wa Awendo. Hapo miwa husagwa na maji yake kuchemshwa kwenye karai kubwa. Mtoto yeyote wa kwetu anajua sheria moja: maji ya miwa yaliyolala hayafungwi kwa kukazwa. Yanachacha, yanatoa gesi, na gesi hiyo haina adabu. Mimi, Emmah, nilijua. Tena nilijua vizuri, ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo.

Mwalimu Nyamweya, anayetufundisha sayansi Gredi ya Nane, alinichagua mimi na rafiki yangu Mong'ina tuwakilishe shule kwenye mashindano mjini Homa Bay. Mada yetu ilikuwa nova inayojirudia.

"Kuna nyota mbili zinazungukana," alitueleza. "Moja ni jitu jekundu. Nyingine ni kibete cheupe, kidogo lakini kizito ajabu. Kibete kinanyonya gesi ya jirani yake, miaka nenda miaka rudi. Gesi inarundikana juu yake, inagandamizwa, inapata joto, halafu inalipuka! Lakini kibete hakifi. Kinaanza kunyonya upya." Akatuambia iko moja iliyolipuka mwaka wa 1866, ikarudi 1946, na wataalamu wanaisubiri tena.

Tukatengeneza mfano wetu. Mtungi wa plastiki tuliupaka rangi nyekundu, tukautia maji ya miwa na hamira. Mrija ulitoa gesi kwenye mtungi hadi kwenye puto jeupe lenye vumbi la chaki. Puto likijaa linapasuka, tunaweka jingine. Mong'ina alisimamia mitungi, nami nilikuwa msemaji. Tuliandaa miwili, mmoja wa safari na mmoja wa akiba.

Siku ya mazoezi puto lilipasuka pap! Duke, ambaye kazi yake darasani ni kucheka wenzake, akauliza, "Hiyo ni nova ama soda imefunguliwa?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilichemka. Jioni hiyo, mitungi ikiwa jikoni kwetu, nilichomoa mirija nikaziba matundu kwa vijiti, nikakaza kwa blada, ule mpira wa kufungia mizigo kwenye bodaboda. Nilitaka gesi ijae, nikirudisha mrija mbele ya waamuzi, puto lipasuke kwa kishindo. Sikumwambia mtu. Kesho yake tukabeba mtungi mmoja, nikiwa nimeufunika kwa leso. Wa pili ulibaki nyuma ya jiko.

Ukumbi wa Homa Bay ulikuwa na joto la kupikia. Nilianza kueleza. Mong'ina akaufunua mtungi, akashangaa. "Emmah, mbona umefura hivi? Nani ameweka blada?"

Kabla sijajibu, mtungi ulipasuka. Kishindo kilituziba masikio. Kijiti kiligonga dari, kipande cha plastiki kikamkata Mong'ina juu ya jicho, maji machachu yakarukia waamuzi. Watoto walikanyagana mlangoni wakipiga mayowe. Mong'ina alikaa sakafuni, damu ikimtiririka hadi kwenye kola. Bi Edinah, mwamuzi mkuu, alimwekea kitambaa huku akifoka.

"Nani alisimamia mtungi huu?"

"Ni mimi," Mong'ina akasema. "Lakini sikuufunga hivyo, mwalimu. Haki ya Mungu."

"Jicho lingetoka! Timu hii imeondolewa, na wewe hutashiriki tena mashindano haya."

Mong'ina akanitazama kwa jicho moja. Nami, jamani, niliinamisha kichwa. Nilitazama viatu vyangu kama mtu aliyepoteza sarafu.

Mwalimu Nyamweya alipiga magoti akaokota kile kijiti. "Aliyefanya hivi hakusikia somo," alisema kwa uchungu. "Niliwaambia mlipuko haumalizi mambo. Gesi ikiendelea kukusanyika, inalipuka tena."

Tena! Mtungi wa pili ulikuwa nyuma ya jiko, na saa hizo nyanya, mama yake baba, anapika, mdogo wangu Sammy amelala kwenye mkeka hatua mbili kutoka hapo.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Mimi ndiye nilifunga, si Mong'ina! Na kuna mwingine nyumbani! Mwalimu, mpigie baba!"

Baba alishika simu, akasikia maneno matatu tu, akakimbia. Kiwanda kiko karibu na kwetu. Simu iliachwa wazi, tukasikia pumzi zake, kisha sauti yake: "Mama, toka! Mchukue mtoto, toka!" Nyanya akauliza kuna nini. Sammy akalia. Kisha ukaja mshindo, sufuria zikabingirika, na kimya.

Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

"Wako nje," baba akasema hatimaye, akihema. "Wote wawili. Ukuta wa jikoni umetoboka."

Mong'ina aliinuka, akanisukuma hadi nikagonga ukuta. "Uliniacha nilaumiwe na damu inanitoka!" Bi Edinah alifuta adhabu yake na kuniwekea mimi. Niliikubali.

Mong'ina alishonwa nyuzi tatu. Jumamosi baba alinipeleka kwao nikaombe msamaha, kisha tukarudi kukandika ukuta, mimi nikikanyaga udongo.

"Emmah," baba akasema, "ungeniambia mapema, mtungi ningeuokoa kwa kulegeza blada tu. Hata wewe, pale ukumbini, ungesema neno moja mara ya kwanza, mwenzako angekuwa na jeraha tu, bila aibu juu yake. Ukikosa, sema hapo hapo. Usingoje ijae."

Nikaitikia. Hapo mlangoni akasimama Mong'ina na bandeji yake, suruali imekunjwa hadi magotini. Hakunisalimia. Aliingia kwenye udongo, akaanza kukanyaga.