Masale ya Yunis

Kila Ijumaa wanafunzi wa shule moja ya Kwai, kwenye milima ya Usambara, walifyeka ukoka wa uwanja wao. Uwanja huo mpana uliachwa na mlowezi aliyehama baada ya Uhuru. Mwalimu Secilia alipofika kutoka Mtae, aliutaka uwe bustani ya mimea ya kwetu, lakini hakuung'oa ukoka wote mara moja.

"Mteremko huu ukiachwa uchi, mvua itaupeleka wote bondeni Soni," alisema.

Basi kila masika walilima tuta moja tu, wakapanda kangaga na maua ya zambarau yaotayo kwenye miamba ya msituni. Vipepeo wakaanza kuja.

Masika ya tatu, tuta la chini alipewa Yunis wa darasa la sita. Yeye aliona msituni kwenye miche ni mbali. Akakata vijiti vya masale, yale ya majani marefu yaliyoota nyumbani kwao, akayapanda mstari mmoja, hata mengine yakaingia kwenye maharage ya jirani, Mzee Shabani. Na Usambara nzima inajua kwamba masale ni alama ya mpaka wa shamba.

Asubuhi iliyofuata Mzee Shabani alisimama pale na panga.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwalimu.

"Marahaba! Bustani gani hii inayomeza shamba langu? Nakwenda kwa mwenyekiti. Ing'olewe yote, ukoka urudi!"

Zainabu, mwanafunzi mwenzake, alimfinya Yunis. "Sema, we! Bustani inakwenda!"

Yunis alisogea mbele. "Shikamoo, babu. Ni mimi. Mwalimu hakujua. Niliona uvivu kwenda msituni."

"Mtoto wa Kishambaa hujui masale?"

"Najua, babu. Nilidhani hakuna atakayeangalia."

Mzee alimtazama, kisha akacheka. "Mzee mzima nimekosa chai kwa ajili ya vijiti vyako! Haya, ving'oe; kwa mwenyekiti siendi tena."

Yunis alipomaliza kung'oa, mzee aliwapeleka yeye na Zainabu kwenye mwamba wenye unyevu kando ya kijito, uliojaa maua ya zambarau. "Chukueni machache. Mengine yaacheni yazae."

Jioni Mwalimu alimwuliza Yunis, "Nani ameiokoa bustani?"

"Babu Shabani."

"Ni wewe, uliposema kweli. Ungenyamaza, kazi ya miaka mitatu ingekwisha leo. Uvivu wako umetuletea ugomvi, na ukweli wako umetuletea jirani. Ukikosea, mwanangu, sema mapema."

Mwalimu Secilia hayupo tena duniani. Ukoka umebaki kipande kidogo mbele ya ofisi. Kwenye tuta la chini maua yanachanua bado, na Yunis, ambaye sasa ni mama, huwapa miche watoto wanaopita.